Wembe wa Siku ya Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Sketi kumi na moja za shule tangu asubuhi, zote kupinda pindo. Miguu imevimba. Kiti cha cherehani nakisogeza nyuma ili tumbo lipate nafasi, sasa pedali siifikii vizuri. Mavyaa kaleta uji wa pilipili manga, kasimama mlangoni mpaka nikaumaliza. Ni mama wa mume, si askari jela, lakini leo sikuona tofauti. Wiki tano zimebaki, Mungu akipenda.

Athumani karudi kutoka Watamu, kwenye hoteli anakofanya kazi ya umeme. Wakati wa kula nikaona mkono wake wa kushoto hauna vinyweleo. Kutoka kiwiko mpaka kifundo, laini kabisa. Nikamuuliza. Akasema waya ulitoa cheche, ukamuunguza. Ngozi haikuwa na alama ya moto. Sikumuuliza tena. Siipendi ile kazi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamua kumnunulia Athumani wembe. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi.

Kwao mtoto ananyolewa na baba yake, siku ya saba. Haitwi kinyozi, na bibi haruhusiwi kugusa. Marehemu baba mkwe, Mzee Bakari, alimnyoa Athumani kwa wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na mavyaa hachoki kuhadithia namna mtoto alivyolala usingizi mpaka mwisho. Wembe ule ulipotea mwaka nyumba yao ilipoungua. Athumani ndevu zake anazinyoa kwa vile vya plastiki vya dukani, na hata hivyo hutoka chooni na vipande vya karatasi kidevuni. Mtu huyo ndiye atakayeshika kichwa cha mtoto.

Yule wa kwanza, wa kike, hakunyolewa. Aliishi siku tano. Alizikwa na nywele zake zote.

Na jina hakupata. Jina analo baba, analitoa baada ya kunyoa, kabla ya hapo hamwambii mtu, hata mke. Athumani alikuwa nalo. Hakulitoa, nami sikuuliza. Miaka miwili sasa.

Mara ile tulinunua kila kitu mapema. Beseni, blanketi, khanga mpya. Nilishona fulana saba. Mbuzi wa siku ya saba alikuwa kafungwa nyuma ya nyumba, analia, wakati mtoto anatolewa mlangoni. Ndiyo maana safari hii sijanunua hata pini. Fundi wa nguo mzima, mtoto wake hana fulana. Watu wananicheka, waache wacheke.

Sasa kitu cha kwanza kununua kiwe wembe wa siku ya saba. Huu ni uchuro, najua. Lakini nikisubiri mpaka azaliwe, Athumani atakuwa na siku sita za kujifunza chombo kinachoweza kumaliza mtu mzima, kisha akishushe kwenye utosi. Naogopa kununua na naogopa kutonunua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Kombo, kinyozi wa kule mji wa kale. Ndiye wa mwisho hapa Malindi anayetumia wembe wa kukunja. Mwanamke haingii kwa kinyozi, nikasimama kizingitini na tumbo langu, wanaume wawili wakajifanya kusoma gazeti. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia nataka kumzawadia mume wangu vifaa vya kunyolea, yeye ni mwanafunzi kabisa, ninunue nini.

Ameeleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Zipo nyembe unazotia nusu ya kijiwembe cha dukani na kukitupa, na upo wembe wenyewe, makali yake ni yake, unataka kuvutwa kwenye ukanda wa ngozi kila siku. Anayeanza asichukue wenye ncha ya pembe kali, utamchoma. Achukue wa ncha ya mviringo. Upana thumuni tano za inchi. Usiwe mzito, usiwe mwembamba wa kupepesuka. Na brashi, na sabuni ngumu ya kwenye bakuli, na jiwe la shabu la kuzuia damu. Vinavyong'aa sana, akasema, ni vya kuwekwa kabatini.

Kisha akauliza ni nani hasa atakayenyolewa. Nikasema ni ndevu tu za mume wangu. Akaliangalia tumbo.

"Ndevu zinasamehe, mwanangu," akasema. "Utosi hausamehe."

Nimerudi nyumbani nimekaa mbele ya cherehani bila kushona. Maneno yale hayatoki kichwani.

Jumapili, 10 Agosti

Muuzaji nimempata kwa simu, mama wa bara mwenye duka Mtwapa. Mvumilivu. Kanitumia picha za seti tatu. Ya kwanza mpini mweusi, kasha jeusi, kila kitu cheusi. Kwa nini mtu atengeneze kitu kama hicho? Nimeifuta picha yenyewe. Ya pili nzuri, lakini ncha ni ya pembe. Nilikuza picha mpaka ikawa ukungu, nikaiona pembe. Ya tatu mpini wa mti, rangi ya tende, ncha ya mviringo, upana uleule. Ukanda, brashi, bakuli, sabuni, shabu. Vyote kwenye sanduku dogo.

Nimebadili mawazo mara nne kabla ya adhuhuri. Kila mara naandika, nafuta, mimi ninayekata suti za arusi bila kupima mara mbili.

Muuzaji akauliza kama ni zawadi. Ndiyo. Ya siku ya kuzaliwa? Nikamwandikia ndiyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeharibu.

Sanduku limefika asubuhi, zuri kuliko picha. Nikajifungia chumbani nikaukunjua wembe. Nikajaribu kwenye uzi, haukukata. Muuzaji alishaniambia lazima unolewe kabla ya kutumiwa mara ya kwanza. Nikasema kunoa si kunoa tu? Leo ni Alhamisi, na kila Alhamisi Kazungu anapita na gurudumu lake la baiskeli, ananoa visu vya mtaa mzima na mikasi yangu. Mikasi yangu haijawahi kulalamika. Nikampa.

Alisita, nisimwonee. Aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia anoe tu. Cheche ziliruka. Dakika chache akanirudishia, uso kaupeleka pembeni. Makali yamekuwa ya kisu cha samaki, na karibu na ncha lipo pengo, ukubwa wa punje ya mchele.

Kazungu hana kosa. Kosa ni la fundi wa nguo anayedhani kila chuma ni mkasi. Nimelia mpaka mavyaa akagonga. Nikamwambia mgongo unauma.

Kitu cha kwanza kumnunulia huyu wa tumboni, na kimeingia pengo siku ileile. Nimejichuria mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimerudi kwa Mzee Kombo kabla hajafungua. Ameushika wembe kwenye mwanga, akaugeuza. Akauliza ni nani aliyefanya haya. Nikasema ni mimi.

Safari hii sikudanganya. Nimemwambia siku ya saba, na yule wa kwanza, na mbuzi. Alisikiliza huku anafuta kioo kilichokuwa kisafi. Akasema atajaribu, kwa jiwe la maji, polepole, huenda ukabaki mwembamba kidogo. Niurudie baada ya wiki. Ujira hataki kuusikia.

Sijui kama nataka aweze.

Jumamosi, 23 Agosti

Ameweza. Pengo halipo. Akaniambia ning'oe unywele wangu mmoja, akaushika juu, akaugusisha kwenye makali. Ukakatika bila sauti. Vinyweleo vyangu vyote vikasimama.

Kanionyesha ukanda. Mgongo wa wembe ndio unaotangulia, makali yanafuata, ukikosea unakata ukanda na kuua makali kwa pamoja. Brashi ikishaoshwa itundikwe kichwa chini, maji yasiingie kwenye mpini ikaoza. Nimerudia kila kitu mbele yake kama mtoto wa chuoni.

Athumani alikuwa kazini. Nikapanda kwenye kigoda, mambo ya kipumbavu kwa hali yangu, nifiche sanduku juu ya kabati nyuma ya begi kubwa. Huko nyuma lipo kopo la biskuti. Nilidhani la nyaraka zake. Likawa zito upande mmoja.

Ndani mna wembe wa kukunja. Mpini mweusi. Umepakwa mafuta, hauna kutu. Kwenye mafuta vimenasa vinyweleo vifupi vifupi.

Umefungwa kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kile nakijua. Ni kipande kilichobaki nilipokata fulana saba. Ukingo mmoja umeenda upande, ni mkasi wangu wa wakati ule, ulikuwa na ubutu.

Hakuna cheche yoyote iliyomuunguza mkono.

Jumapili, 24 Agosti

Basi alinunua wembe kwa ajili ya yule wa kwanza, akaufunga kwa kitambaa cha fulana zake, akauficha miaka miwili. Sasa ameutoa na anajifunza upya kwenye mkono wake. Ananificha mimi kama ninavyomficha yeye. Tungekuwa watu wengine ningecheka.

Sicheki. Naogopa kuliko jana. Wembe ule uliwekwa tayari kwa kichwa kilichokwenda ardhini. Sitaki umguse huyu. Ni ujinga, chuma hakijui kitu. Sitaki umguse.

Nikimpa wangu, atajua nimefungua kopo. Tukianza habari ya kopo tutafika kwenye habari ya siku ile, na siku ile hatujaifikia hata mara moja. Nisipompa, atatumia ule. Kila nikifungua mdomo mchana kutwa nimemuuliza kuhusu chumvi ya mchuzi. Ameniambia mara tatu imetosha.

Alhamisi, 28 Agosti

Nilitaka kujua kama wembe wangu ni salama. Nimetia sabuni mguuni, nikanyoa kidogo, kando ya muundi. Ulikuwa hauna uzito, nikasahau kuwa nimeushika. Damu ikatoka kabla sijasikia maumivu. Nyembamba, ndefu, haikutaka kukoma. Nikabana shabu, nikaumwa mpaka machozi.

Baada ya hapo huyu hakucheza. Saa tatu hakucheza, saa tano hakucheza. Nikanywa maji baridi ya sukari, nikalala ubavu wa kushoto. Nikamwomba msamaha kwa sauti, chumbani peke yangu. Adhuhuri hakucheza. Nimefunga khanga niende hospitali, nimefika mlangoni, akapiga teke. Nikakaa chini palepale kizingitini. Mavyaa akadhani uchungu umeanza, akaita nusu ya mtaa.

Nitamwambia Athumani Jumatatu. Jumatatu hii yuko mapumziko.

Jumatatu, 1 Septemba

Kazaliwa, siku tisa kabla ya wakati. Wa kiume. Saa nne asubuhi. Nywele nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka kwenye masikio.

Siandiki zaidi.

Jumatano, 3 Septemba

Siku ya tatu. Amekuwa wa manjano. Macho, kifua, mpaka nyayo. Daktari anasema watoto wengi hupata, hasa waliowahi kidogo. Hata yule daktari wa mara ile alikuwa na sauti ya upole.

Wamemlaza chini ya mwanga wa buluu, kafunikwa macho kwa kitambaa. Kwenye mwanga ule utosi unaonekana unavyopiga. Nimehesabu mapigo mpaka nesi akanitoa nikapumzike. Sikupumzika.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya nne. Mavyaa kaja na chupa ya supu, akauliza mbuzi aletwe lini. Nikamfokea mbele ya wodi nzima. Mama wa watu, mtu mzima, hajawahi kunikosea. Akanimiminia supu.

Athumani akamwambia mbuzi hataletwa mpaka Jumapili asubuhi yenyewe, na hatafungwa nyuma ya nyumba. Kumbe naye anaisikia ile sauti.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku ya tano.

Yule aliacha kunyonya asubuhi, akaenda baada ya adhuhuri. Leo saa tatu huyu kakataa titi. Saa nne kakataa. Saa tano nesi akajaribu kwa kikombe, maziwa yakatoka pembeni ya mdomo. Nilitaka kukimbia, sikujua wapi.

Athumani hakwenda msikitini. Ijumaa, na hakwenda. Alikaa kashika mguu wa mtoto kwa vidole viwili, tangu adhana mpaka watu wakarudi. Nilikuwa nauangalia mkono wake wa kushoto, vinyweleo vimeanza kuota.

Saa tisa na kitu mtoto akafungua mdomo, akatafuta. Nikampa. Akavuta. Nilihesabu, mara arubaini na mbili bila kuacha. Athumani akatoka nje ghafla. Aliporudi uso ulikuwa umeoshwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Wameturuhusu. Manjano imebaki machoni tu.

Mchana mtoto amelala nikamwambia Athumani apande juu ya kabati, alete sanduku lililo nyuma ya begi. Nikaona mabega yake yanakaza. Akateremka na sanduku langu, kopo kaliacha. Akafungua. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, Mtwapa, Kazungu, pengo, Mzee Kombo, kopo, kitambaa. Alikuwa anageuzageuza brashi. Akasema mpini ni mzuri.

Akavuta wembe kwenye ukanda, mgongo mbele, vizuri. Mkono unajua kazi. Akapaka povu mkono wa kushoto, akajaribu.

Akajikata. Palepale, mvuto wa pili.

"Huu mwepesi," akasema. "Nimeuzoea ule."

Nimebana shabu mimi mwenyewe. Siku zote hizi nimechagua ncha, nimechagua upana, nimechagua rangi ya mpini, sikuwaza kwamba mkono wake umeshajifunza chuma kingine. Wembe salama ni ule nisioutaka. Huu wangu, wa mapenzi yangu yote, ndio utakaomkata mtoto.

Nikamwambia atumie ule wa kwenye kopo. Nilisema. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya kesho kwamba nilinyamaza. Maneno yalitoka makavu, lakini yalitoka.

Amekaa na vyote, anavuta ukanda, anapangusa, anavuta tena.

Jumapili, 7 Septemba

Alfajiri sikumkuta kitandani. Mlango wa bafu umefungwa, bomba linatoka na kukoma, linatoka na kukoma. Nikabaki na mtoto kifuani, sikuita.

Katoka jua limeshapanda. Amenyoa kichwa chake chote. Hana hata unywele mmoja, na mimi niliolewa na nywele zile. Akainama mbele yangu nimkague. Nikapitisha kiganja utosini, kisogoni, nyuma ya masikio, mahali penye mashimo na mikunjo. Hakuna jeraha hata moja. Kwenye sinki ulikuwa wembe wa mpini wa tende.

Mzee Kombo alikuja kama mgeni. Alikaa kwenye mkeka, mikono kaiweka mapajani, hakutoa shauri lolote, nami najua lilimgharimu. Mavyaa alisoma dua. Nilimshika mtoto mimi. Athumani alipiga povu kwa vidole, joto, kidogo. Akaanza mbele, akarudi nyuma, utosi akauacha wa mwisho.

Sikufumba macho. Nilitaka, sikufumba. Nywele zilianguka kwenye kitambaa, na chini yake kichwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Mtoto alipiga miayo mara moja. Kisha alilala.

Jina lake Bakari, la babu yake. Mavyaa alilia, na sisi tukamwacha alie.

Watu walipotoka kwenda kula nilimkuta Athumani chumbani kasimama na kopo la biskuti. Kaufungua wembe mweusi, kaupaka mafuta, kaufunga tena kwenye kitambaa kilekile. Nikamwambia si lazima uhifadhiwe, tuna huu mwingine sasa.

"Huu ni wa Maimuna," akasema.

Akalirudisha kopo juu ya kabati, nyuma ya begi.

Nilikaa kitandani. Nililitamka jina mara mbili bila sauti, kulizoea. Halafu nikaenda bafuni, nikaosha brashi kwa maji baridi, nikaikung'uta na kuitundika kichwa chini.